Mabeseni Matatu ya Maua ya Saa Nne

Shina nene la ua likioza kwa maji mengi hutoa harufu yake, kitu kati ya mchicha uliosahaulika kwenye mfuko na maji ya kulowekea mihogo. Mwezi uliopita harufu hiyo ilinikuta Majengo, kando ya barabara, mbele ya mama mmoja anayeuza miche kwenye madumu ya mafuta yaliyokatwa nusu. Dumu moja lilikuwa na maua ya saa nne. Majani yalikuwa yamegeuka manjano, mashina yamelegea na kuteleza kama kamasi, na mwenyewe amesimama juu yake na kopo, anamimina maji. Nikamwambia, "Mama, unayaua hayo." Akanijibu bila kuniangalia, "Ua bila maji litaishije?" Viganja vyangu viwili vikawaka moto. Mimi ni mtu mzima, nina duka la vitambaa na watu wananiamkia, lakini niliondoka pale bila kuaga, nimekasirika hata nikasahau nilichokuwa nimefuata sokoni.

Niacheni niwaeleze hasira hiyo ilikotoka, maana haikuwa ya yule mama.

Maua ya saa nne ndivyo tulivyoyaita nyumbani. Wengine wana majina yao. Ni mmea unaotambaa, hausimami. Vijani vyake ni vifupi na vya mviringo, vimejaa maji. Ukikibana kimoja kwa kucha kinapasuka na kukulowesha kidole. Maua yenyewe ni laini, ya waridi, manjano, mekundu, na meupe machache, na hayana haraka asubuhi. Husubiri jua lipate nguvu, na kufikia saa nne yote yamefunguka. Saa nane yanaanza kujikunja, saa tisa yamefunga, na siku ya mawingu hayafunguki kabisa. Mama alikuwa akisema maua yale yana saa za kazi kama ofisi, ila yenyewe yanazifuata.

Nyumba yetu ilikuwa Mshangano, pale mji ulipoishia na mashamba ya mahindi kuanza. Ilikuwa ya matofali mabichi na bati, na bati halikuwa na mfereji wa kukingia maji. Mvua za Songea mnazijua. Maji yalianguka kutoka ukingoni mwa bati kwa kishindo, yakachimba ardhi, na tope jekundu likaruka ukutani mpaka usawa wa goti langu. Kila masika yakiisha ukuta ulikuwa umeliwa chini kote, na mwaka mmoja kona ya jiko ikaporomoka. Baba alikuwa Mbinga kwenye mashamba ya kahawa ya watu, tunamwona Krismasi na Pasaka. Kwa hiyo ukuta ulikuwa kazi ya mama.

Aliyempa dawa ni bibi yangu, mama yake, aliyeishi Lusewa. Bibi alikuwa ameyapanda maua ya saa nne kuzunguka nyumba yake nzima, palepale matone yanapoangukia, yamefumana kama mkeka. Tone likiangukia majani yale halirushi tope. Mama alirudi kutoka Lusewa na vipande vyake amevifunga kwenye kanga, amevipakata njia nzima.

Nilikuwa na miaka minane, na mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake. Alinifundisha kukata kipande chenye urefu wa kidole, kukilaza kivulini siku mbili mpaka jeraha likauke, kuchanganya mchanga wa mtaroni na udongo, kuchomeka, kumwagia maji mara moja, kisha kuondoka. "Usiyabembeleze," aliniambia. "Haya yakibembelezwa yanakufa." Mimi nilidhani kupenda ni kumwagilia. Nikawa nachota maji kwa siri kila nikitoka shule, nayapa yale ya upande wa nyuma. Baada ya wiki mbili mama aliniita, akanishika kisogo taratibu, akaniinamisha. "Nusa," alisema. Nikanusa. Sikurudia tena.

Kufikia nilipoingia darasa la nne, maua yalikuwa yamezunguka nyumba yote na ukuta umepita masika mawili bila kuliwa. Wapita njia walisimama. Mama hakuwa mtu wa kusifiwa sana. Alikuwa na maharage yake, mahindi yake, na mume wa Krismasi. Lakini sasa wanawake wakitoka kanisani walisema, "Mama Tasiana, nyumba yako imevaa," naye alijifanya hajasikia, kisha jioni anairudia sentensi hiyo mwenyewe akisonga ugali. Tasiana ni mimi.

Sasa nafika kwa Mwalimu Erasto.

Alikuwa mwalimu wa mazingira, kijana, amehamia kutoka mkoa mwingine, mashati yake yamepigwa pasi hata mgongoni. Mwezi wa kumi tuliambiwa kuna mgeni rasmi atakuja kukagua mazingira ya shule. Ninyi mliosoma shule zetu mnajua maana yake. Mawe yalipakwa chokaa. Kila mtoto alileta ufagio, majivu na samadi. Ngonjera ilifanyiwa mazoezi mpaka kuku wa jirani wakaijua. Na Mwalimu Erasto akataka bustani mbele ya ofisi, pale palipokuwa na udongo mtupu uliokanyagwa na miguu mia nane.

"Nani kwao kuna maua?" aliuliza mstarini.

Nilinyoosha mkono kwa furaha. Mkono ule, jamani, hata leo natamani kuushusha.

Mama hakuwa na kinyongo. Alinikatia vipande beseni zima, akanipa maelekezo yote niyapeleke: kivuli, mchanga, maji mara moja. Nikayasema yote mbele ya mwalimu, mikono nyuma. Akaitikia kwa kichwa. Siku hiyohiyo vipande vikapandwa vibichi, na kesho yake kukatoka zamu za kumwagilia, asubuhi na jioni, darasa kwa darasa. Kulikuwa kukavu wakati huo, mabomba yanakoroma tu, na maji tulikuwa tunayafuata mtoni na madumu ya lita tano kichwani. Tuliyabeba yale maji, shingo zinauma, tukaenda kuulia maua.

Siku ya sita nikaisikia ile harufu. Nikamfuata Mwalimu Erasto. "Shikamoo mwalimu. Maua yanaoza. Mama alisema yasimwagiliwe." Akanitazama, akatazama dumu nililoliweka chini likiwa limejaa. "Kwa hiyo wewe hutaki zamu?" Nikasema si zamu, ni maua. Akasema nina mdomo. Nilichapwa fimbo nne, mbili kila kiganja, mbele ya darasa la nne lote, kisha nikalibeba dumu langu nikamwagilia. Viganja vilikuwa vimevimba hata mshikio wa dumu sikuusikia vizuri. Nilikuwa nimesema kweli tupu, ya kuonekana kwa macho na kunuswa kwa pua, na yule mtu hakuinama hata kunusa. Sijui leo yuko wapi. Kama yu hai namwombea afya njema, ili siku moja nimkute akiwa na nguvu za kunisikiliza.

Ijumaa kabla ya ugeni, bustani ilikuwa uji wa kahawia. Mwalimu Erasto aliniita. Alisema mama yangu alitoa vipande vibovu. Jumatatu asubuhi nilete maua yenye mizizi, yaliyokwisha kukomaa, mabeseni matatu, na atanipa wanafunzi wawili wa kunisaidia kubeba. "Ukija mikono mitupu," alisema, "utasimama mbele ya mgeni umweleze kwa nini umeharibu bustani ya shule."

Mama hakuwepo. Bibi alikuwa mgonjwa, na mama alikuwa amekwenda Lusewa tangu Alhamisi, mimi nimeachwa kwa jirani. Angerudi Jumatatu. Jumamosi na Jumapili nzima nilizunguka nyumba yetu nikitazama yale maua. Siwezi kuwadanganya kwamba nilipigana sana na nafsi yangu. Niliogopa fimbo. Pia nitasema lililo baya zaidi: nilitaka mgeni aone maua ya kwetu. Jumatatu alfajiri na umande nilichukua jembe la mama, nikang'oa upande wote wa mbele na ule wa jikoni. Mizizi ilitoka kirahisi, na udongo mwekundu ulibaki wazi chini ya ukuta, umelowa, na wadudu wakikimbia.

Wale wanafunzi wawili wakaja, tukayabeba na kuyapanda, na kweli, saa nne yalifunguka. Mbele ya ofisi paliwaka rangi zote. Walimu wa kike walitoka na vikombe vya chai kuja kuona. Mwalimu Erasto alinigusa bega, akasema, "Safi sana, Tasiana," nami nikavimba kichwa kama mwenye kipaimara.

Mgeni alikuwa aje saa nne hiyo. Saa tano tulikuwa mstarini. Saa sita tukaruhusiwa kukaa chini. Saa saba waimba ngonjera wawili walikuwa wamelala. Saa nane maua yakaanza kujikunja, moja baada ya jingine, na Mwalimu Erasto akaanza kutembea huku na huko. Saa tisa hapakuwa na ua, ni majani tu na vinundu vidogo kama tambi za mishumaa iliyozimwa. Hapo alifanya jambo ambalo nikilikumbuka nacheka na kukunja ngumi kwa pamoja. Alichagua wasichana sita wenye vidole vyembamba, akatuchuchumalisha bustanini, akaamuru tuyafungue. Tuyafungue maua kwa vidole! Tulifungua. Yalichanika. Yaliyochanika tuliambiwa tuyafiche mifukoni mwa sketi.

Mgeni alifika saa kumi na kitu, mzee mnene mwenye kicheko, gari limejaa vumbi. Aliimbiwa, akapewa soda, akaanza kukagua. Alikuwa amesimama mbele ya bustani, Mwalimu Erasto akimweleza kwamba maua ni mazuri ila "yamepumzika", nilipomwona mama akiingia getini.

Alikuwa bado na nguo za safari, vumbi la Lusewa mpaka kwenye nyusi. Kwapani beseni, begani jembe. Alikuwa amefika nyumbani, ameona ukuta uko mtupu, na jirani amemwambia ni wanafunzi waliokuja. Wanafunzi. Jirani hakutaja jina langu, au pengine alilitaja na mama akakataa kulisikia.

"Shikamoo mzee," alimwambia mgeni.

"Marahaba, mama. Karibu."

"Samahanini. Nimefuata maua yangu." Akashusha jembe, akaanza kuchimba.

Watoto mia nne wakaanza kucheka chinichini. Aling'oa shada moja, la pili. Mwalimu Erasto akamwendea, fimbo ya kuelekezea bado iko mkononi. "Mama, wewe ni nani? Haya yameletwa na wanafunzi kwa hiari."

"Haya yalikuwa kwangu, chini ya ukuta wangu. Mvua inakuja. Nimeibiwa nikiwa kwa mgonjwa."

Mgeni aliacha kucheka. "Mwalimu, kuna nini hapa?"

Mwalimu Erasto akageuka, akanitafuta kwa macho, akanipata. "Tasiana! Njoo." Nikaenda. Mfukoni mwa sketi petali zilizochanika zilikuwa zinanishikashika mkono. "Mwambie mheshimiwa. Nani alikupa maua haya?"

Mama alinitazama. Hakuwa amejua, niliona sasa hivi ndiyo anajua. Jembe lilikuwa hewani nusu. Nilitazama fimbo, nikatazama watoto wote wale, nikasema, "Mama alinipa."

"Alikupa lini?" mgeni aliuliza kwa upole.

"Kabla hajasafiri. Alisema nilete shuleni." Sauti yangu ilitoka nzuri, ya ngonjera.

Kisha mama akashusha jembe taratibu, akasema, "Ni kweli. Nilimpa mwenyewe. Safari imenichosha, nilisahau."

Mgeni akaangua kicheko, shule nzima ikaangua naye. Akasema mama huyu ni mzazi wa mfano hata kama kumbukumbu imezeeka mapema, akataka tumpigie makofi matatu yeye na binti yake. Tukapigiwa. Pa, pa, pa. Mama akachuchumaa. Yale mashada mawili aliyoyang'oa akayarudisha shimoni, akayafukia, akakandamiza udongo kwa kiganja kama anavyopenda yeye, si kwa kisigino. Akachukua beseni lake tupu, akatoka getini.

Nilifika nyumbani nimejiandaa kupigwa. Alinipakulia ugali na dagaa. Aliuliza kama tulipewa soda. Nikasema wageni tu. Hapakuwa na neno jingine, wala siku hiyo wala wiki hiyo. Na mimi, sikilizeni vizuri, nikamkasirikia yeye. Shuleni waliniita mtoto wa Mama Jembe mpaka nimemaliza la saba. Nilimchukia kwa kuja na vumbi lile, kwa kuja mbele ya watu, kwa kuchekwa. Mvua zilipoanza tope liliruka ukutani, na tulipokandika nyumba kwa mikono yetu Januari nzima, nilikandika nimenuna, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Maua ya shuleni yalikanyagwa yakaisha kabla ya Krismasi.

Miaka ilipita na hasira yangu sikuigusa. Nilikuwa na ya Mwalimu Erasto, ambayo ni halali, na nilikuwa na hii nyingine ya mama, niliyoizoea hata sikuiuliza ilitoka wapi. Kisha mwaka jana binti yangu Oliva, wa miaka tisa, alisimama mbele ya mwalimu wake wa mafundisho ya komunyo, watoto wenzake wamezunguka, akasema hakuhudhuria wiki mbili kwa sababu mimi nilimkataza. Nilikuwa nimesimama hapohapo. Nikasema, "Muongo huyu. Kila Jumamosi anaondoka nyumbani, sijui anakwenda wapi." Nilikuwa na haki kabisa. Watoto wakacheka, mwalimu akatikisa kichwa, na Oliva akatazama viatu vyake. Tulirudi nyumbani yeye akitembea upande wa pili wa barabara. Katikati ya njia nilisimama. Niliiona mikono ya mama ikilishusha lile jembe, na kwa mara ya kwanza nilijiuliza lilikuwa na uzito gani.

Shule ile ilinichapa niliposema kweli na ikanipigia makofi niliposema uongo. Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni, na limenifanya mtu wa hasira. Nilichokuwa sikijui ni kwamba uongo wangu ulikuwa na mtu wa kuulipia, na kwamba aliulipa palepale, kwa jina lake, kwa ukuta wake, mbele ya watu mia nne. Aliamua achekwe yeye, ili mimi nisiitwe mwizi. Nami nikamlipa kwa kununa miaka yote hiyo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Mshangano. Mama alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikakaa chini. Nikamwambia, "Mama, ile siku ya shule. Ulijua nimesema uongo."

"Nilijua."

"Mbona ulikubali?"

"Ulitaka nisemeje? Yule mwalimu alikuwa na fimbo mkononi. Ningesema wewe mwizi, angekuchapa mbele yangu, na mimi nina jembe. Ungenitembelea jela."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Nilifikiri ulinisamehe palepale," nikasema.

Aliliacha gunzi likaanguka. "Nani alikusamehe?" alisema, na sauti yake ilikuwa kali kama ya mwanamke wa miaka thelathini. "Mimi nilikasirika, Tasiana. Nimetoka kumuuguza mama yangu, nakuta ukuta wangu uchi, halafu mtoto wangu ananiangalia machoni anasema nilimpa. Nilikasirika nikashindwa kula. Kukusitiri ni kitu kimoja, kukusamehe ni kingine. Mpaka leo nimekasirika. Hujawahi hata kuniomba."

Nikasema, "Nisamehe, mama."

Akanisogezea ungo.

"Umechelewa sana," alisema. "Haya, pukuchua."